Ufuo Mtupu Si Ufuo Salama

Jumatano tarehe 8 Aprili 2020, ilipogonga saa moja jioni, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, ilifungwa pamoja na jirani zake Mombasa na Kilifi ili kuzuia virusi vya korona. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa inakaribia kutimiza wiki mbili. Kule Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, boti za kuwapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite zilitia nanga na biashara ya samaki na Mombasa ikalegea. Hayo yalisemwa na kuandikwa. Lakini nyumba yenye mtoto mwenye usonji ilikuwa na swali ambalo taarifa za kila siku za Wizara ya Afya hazikuligusa: mtoto huyu, ambaye asipokimbia na kuzunguka siku yake haitulii, atapelekwa wapi, saa ngapi na nani, asiambukizwe, asipotee, asizame, asipigwe?

Swali hilo bado linastahili kuchambuliwa, kwa sababu marufuku nyingine itakuja siku moja, iwe ya maradhi, mafuriko au fujo, na watoto hawa watakuwepo. Hoja yangu ni kwamba Shimoni haikukosa uwanja. Kilichopungua ni macho. Kujikinga na virusi kulitaka watu watawanyike, na mtoto mwenye tabia ya kutoroka alihitaji kuwa karibu na watu wanaomjua. Amri za 2020 zilishughulikia sharti la kwanza na kulisahau la pili, na mzazi akaachwa alipe gharama ya yote mawili peke yake.

Mwendo ni haja ya mwili

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni. Hugusa mawasiliano, namna ya kuhusiana na watu, namna hisi zinavyopokea sauti, mwanga na mguso, na haja ya mambo kwenda kwa utaratibu uleule. Watoto hawafanani: yupo asiyesema neno na yupo asemaye bila kukoma. Lakini wengi wao hutuliza mwili kwa mwendo, kama kuruka, kuyumba, kuzunguka au kukimbia huku na huku. Mtu asiyejua huona utundu. Anayeishi naye anajua kwamba siku bila mwendo huishia kwa kilio, kujipiga kichwa ukutani na usiku wa macho makavu kwa nyumba nzima.

Utaalamu unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1984 Lynn Kern na wenzake nchini Marekani walilinganisha dakika 15 za kukimbia mfululizo na dakika 15 za kuchezea mpira taratibu kwa watoto wachache wenye usonji. Baada ya kukimbia, mienendo ya kujirudiarudia ilipungua. Baada ya mpira wa taratibu haikubadilika sana. Miaka mingi baadaye, Novemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya wa mazoezi, likawataja waziwazi watoto wenye ulemavu wa miaka 5 hadi 17: wastani wa dakika 60 kwa siku, za mwendo wa kuhemesha. Mwongozo huo ulitoka dunia ikiwa ndani ya janga, na ulihusu watoto ambao wakati huo wengi walikuwa wamefungiwa.

Shule ilipofungwa, masomo hayakuwa hasara pekee. Ilikatika pia safari ya kwenda na kurudi, njia ileile kila asubuhi, pamoja na uwanja wa mapumziko. Masomo ya redio yaliyoletwa kufidia hayakuwa na msaada kwa mtoto ambaye kelele ya redio yenyewe humuudhi. Mwishoni mwa Aprili ikaingia Ramadhani, na kwa kijiji cha Kiislamu kama Shimoni saa za kula na kulala zikabadilika tena, safari hii misikiti ikiwa imefungwa na tarawehe ikisaliwa nyumbani. Kwa mtoto anayeishi kwa utaratibu, nguzo za siku ziling'oka moja baada ya nyingine ndani ya wiki sita.

Amri ilisema nini, na ilinyamazia nini

Nchi zilitofautiana sana katika jambo hili. Uganda, mnamo Aprili 2020, ilipiga marufuku mazoezi ya hadharani, na Rais Museveni akajirekodi akifanya mazoezi ofisini kwake ili raia wamwige ndani ya nyumba zao. Afrika Kusini ilizuia kabisa mazoezi ya nje tangu Machi 27, kisha kuanzia Mei mosi ikaruhusu saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita tano kutoka nyumbani.

Huko Ulaya, baadhi ya serikali ziliwataja wenye usonji kwa jina. Hispania, siku chache tu baada ya kutangaza hali ya hatari, ilitoa maelekezo ya Machi 19 kwamba mtu mwenye usonji anaweza kutoka na mlezi wake. Ufaransa ilitangaza nafuu kama hiyo Aprili 2, Siku ya Kimataifa ya Uhamasisho kuhusu Usonji. Uingereza, ambako watu waliruhusiwa kutoka kufanya mazoezi mara moja kwa siku, ilibadilisha mwongozo wake Aprili 8 baada ya familia kutishia kwenda mahakamani: mwenye usonji akaruhusiwa kutoka zaidi ya mara moja, na kwenda mbali na mtaa wake ikibidi.

Kenya ilikwenda njia ya tatu. Haikukataza kutembea wala kukimbia mchana, ila ilikataza usiku, ikakataza mikusanyiko na kuvuka mipaka ya kaunti zilizofungwa, na ikaamuru barakoa hadharani kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Waliosamehewa kafyu walikuwa watoa huduma muhimu. Mtoto mwenye ulemavu na mlezi wake hawakuwa kwenye orodha hiyo.

Ukisoma karatasi peke yake, mtoto wa Shimoni alikuwa na uhuru kuliko mwenzake wa Kampala au Cape Town: saa kumi na nne za kila siku zilikuwa zake. Shida ni kwamba sheria inaponyamaza, ofisa aliyesimama barabarani ndiye hukijaza kimya chake. Fukwe za umma za Mombasa zilifungwa, na habari hiyo ilipofika vijijini wengi walielewa kwamba bahari yote imefungwa. Barakoa iliamriwa kwa kila mtu, na mama ambaye mwanawe huivua usoni kila anapoivaa, kwa kuwa mguso wake humtesa, alijua kwamba hana karatasi ya kumwonyesha askari. Ruhusa isiyoandikwa humfaa mtu jasiri au mwenye jina. Mzazi ambaye amezoea kulaumiwa kwa tabia za mtoto wake huichukua kama marufuku.

Shimoni kwa macho ya mzazi

Anayeijua Diani huenda akadhani kijiji chochote cha pwani kina kilomita za mchanga mweupe. Shimoni si hivyo. Ni ncha ya nchi kavu iliyokaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yenye kingo kali na mapango chini yake. Mchanga upo vipande vipande. Mbele yake ni mkondo unaoitenga na kisiwa cha Wasini, na maji yake huenda kasi wakati wa kujaa na kupwa.

Gati ni mahali ambapo mtoto mwenye usonji anaweza kupenda kuliko kote, kwa sababu maji humetameta, kamba hugonga na boti huyumba. Ndipo pia pa kuepukwa kuliko kote: kina ni kirefu pembeni, na 2020 palibaki kitovu cha watu wachache waliokuwa bado wakiuza na kununua.

Mapango hayo, yanayojulikana kama mapango ya watumwa na yanayotunzwa na jamii yenyewe kwa ajili ya wageni, yana ubaridi na mwanga hafifu unaomfaa mtoto anayeumizwa na jua na makelele. Lakini hushukiwa kwa ngazi, yana vichochoro vya giza, na upande mmoja hutokea baharini. Anayekimbia ghafla hafai kupelekwa humo.

Msitu unaokizunguka kijiji ni wa kivuli, una mbega, una vijia vya wakata kuni. Kwa mtoto anayetembea mkono kwa mkono ni bustani. Kwa anayetoroka, hatua ishirini tu zinatosha kumpoteza machoni, na mwamba wa chini umechongoka kiasi cha kuchana kandambili.

Barabara ya kwenda Kanana, yenye kilomita zipatazo 15 mpaka barabara kuu ya Mombasa na Lungalunga, ilipungukiwa na magari ya wageni wakati wa marufuku. Bodaboda hazikwisha, na barabara ikiwa tupu dereva huongeza mwendo. Wasini, ng'ambo, haina magari kabisa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini huko maji yamekizunguka kisiwa pande zote, na kwa mkaaji wa Shimoni kuvuka ni kupanda chombo na watu wengine.

Panabaki mahali pawili pasipo sifa: uwanja wa shule na ua wa nyumba. Uwanja wa shule ni tambarare, mtoto anaujua, una mipaka inayoonekana, na wakati huo ulikuwa mtupu. Kilichohitajika ni lango lake lifunguliwe. Ua wa nyumba ni mdogo, lakini bembea ya kamba chini ya mwembe, gurudumu la kusukuma, ndoo ya maji ya kubeba kutoka hapa hadi pale na shimo la mchanga huweza kuupa mwili nusu ya kazi inayohitaji. Kubeba mzigo mzito kiasi, kusukuma na kuvuta ni mambo ambayo wataalamu wa tiba ya utendaji huyatumia makusudi kutuliza mwili wenye hisi kali, na hakuna nyumba ya pwani isiyo nayo.

Bahari ina ratiba yake

Wakati una uzito sawa na mahali. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana alfajiri na alasiri, na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tofauti ya juu na chini huweza kupita mita tatu. Hapo mahali palipokuwa na kina saa chache kabla huwa uwanja wa majani ya bahari, vidimbwi na mchanga mgumu, mpana kuliko kiwanja chochote cha nchi kavu. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi maji yamesimama ukingoni na hakuna pa kukanyaga. Kila siku saa husogea kwa dakika kama hamsini.

Sasa uweke juu ya ratiba hiyo saa za kafyu, mvua za masika ambazo Mei hunyesha kwa nguvu, upepo wa kusi unaochafua bahari, na jua la saa nne. Mtoto mwenye usonji anataka saa ileile kila siku. Bahari haitoi saa ileile. Anayejaribu kumzoesha mtoto ufuo peke yake atamvunja moyo ndani ya juma moja.

Njia ya busara ni kuchagua saa moja na mahali pamoja visivyotegemea maji. Alfajiri, kafyu ikiisha saa kumi na moja na mwanga ukianza kupasuka kama saa kumi na mbili, hewa ni baridi, barabara imetulia, na macho ya watu wazima tayari yako nje: wavuvi wanashuka, akina mama wanachota maji. Hiyo iwe saa ya kila siku, na mahali pake pawe uwanja wa shule. Ufuo uwe nyongeza ya siku za bamvua, maji yanapokuwa chini. Mtoto asiyefuata maneno huambiwa kwa kitu: akipewa mpira mkononi, ni uwanjani, akipewa kindoo, ni ufuoni. Baada ya siku kadhaa kitu hicho humwambia yote, na mshangao, ambao ndio chanzo cha vilio vingi, hupungua. Juni 7, kafyu ya nchi iliposogezwa hadi saa tatu usiku na mipaka ya Kwale na Kilifi kufunguliwa, familia yenye utaratibu wa namna hii haingelazimika kuanza upya.

Pale macho yalipoondoka

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 kwenye jarida la Pediatrics, karibu nusu ya wazazi walisema mtoto wao mwenye usonji amewahi kujaribu kutoroka baada ya kutimiza miaka minne. Miongoni mwa waliopotea kwa muda wa kutia hofu, robo hivi walikuwa katika hatari ya kuzama. Mwaka 2017 Joseph Guan na Guohua Li wa Chuo Kikuu cha Columbia waliangalia rekodi za vifo na kukuta kwamba watoto wenye usonji walikuwa katika hatari ya kufa maji mara 160 kuliko watoto kwa jumla. Takwimu hizo ni za Marekani, nchi ya mabwawa na mito ya mijini. Kijiji kilichoketi juu ya mkondo wa bahari hakina sababu ya kudhani hatari yake ni ndogo.

Siku za kawaida, Shimoni ina ulinzi ambao haukuwahi kuandikwa popote. Mabaharia wanaongoja wageni, vijana wa gatini, wauza madafu, wachuuzi wa samaki, waongozaji wa mapangoni, wote hukaa nje mchana kutwa. Mtoto akipita peke yake kuelekea majini, mtu atauliza ni wa nani. Marufuku iliwaondoa watu hao karibu wote kwa mpigo. Ufuo ukawa mtupu, na watu wa afya wakasema vyema, hapo pumzi hazikutani. Ni kweli: hewa wazi yenye upepo ni salama zaidi kuliko chumba. Lakini utupu uleule ulimaanisha kwamba mtoto akichomoka mkononi, hakuna wa kumkata njia.

Je, masharti haya mawili hayapatani? Bahari yenyewe imeyapatanisha kwa karne nyingi. Asubuhi ya bamvua, maji yakitoka, wanaochokoa pweza hutawanyika juu ya mwamba, kila mtu na eneo lake, umbali wa sauti. Kibuyuni, kijiji jirani, wanawake wakulima wa mwani huingia shambani mwao baharini saa hizohizo, wakainama kwenye kamba zao, kila mmoja na safu yake. Hawa ni watu waliotawanyika kwa mita nyingi kuliko alizodai ofisa yeyote wa afya, wako kwenye upepo, wanajuana kwa majina, na wanaijua bahari inapogeuka. Mzazi anayetafuta mahali salama pa kumkimbiza mwanawe anatafuta hasa hali hii: watu waliotawanyika ambao hawajaondoka. Ufuo wa saa nne asubuhi wenye wachokoa pweza kumi ni salama kuliko ufuo wa saa tisa alasiri usio na mtu.

Kanuni moja lazima iambatane na hilo, na wachokoa pweza wanaifuata bila kukumbushwa: maji yakianza kugeuka, ni kurudi. Bahari hujaza vijito nyuma ya mtu kabla haijamfika miguuni. Mtoto mwenye kifafa, na wenye usonji huwa nacho zaidi kuliko wengine, asiingie hata maji ya magotini bila mkono wa mtu mzima uliomfikia. Na dawa zake zisikatwe ghafla. Hilo lilikuwa gumu mwaka 2020 kwa aliyezoea kununua Mombasa, na ndiyo sababu ya kuuliza mapema Msambweni, kwenye hospitali kuu ya kaunti, kabla chupa haijaisha.

Aibu ya jirani na rungu la askari

Macho yanalinda, na macho hayohayo huumiza. Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao, wakifanya utafiti pwani ya Kenya, walichapisha mwaka 2015 maelezo ya wazazi na wataalamu kuhusu chanzo cha usonji. Wapo waliotaja mashetani, uchawi na laana. Wapo waliotaja maradhi na matatizo ya uzazi. Mwaka uliofuata walieleza mizigo ya wazazi hao: unyanyapaa, ukosefu wa matibabu yafaayo, gharama, na kazi ya malezi isiyo na mapumziko. Mzazi anayeamini kwamba jirani anamwona mwanawe kama laana hatamtoa nje hadharani, janga liwepo lisiwepo. Marufuku ilimpa kisingizio cha heshima cha kufunga mlango, na mlango ukishafungwa miezi miwili huwa mgumu kufunguka.

Huko Hispania, walikoandikiwa ruhusa, familia zilitukanwa kutoka kwenye roshani na majirani waliodhani wanavunja sheria. Baadhi walianza kuvaa kitambaa cha buluu ili waeleweke. Wengine walikataa, wakisema mtoto hapaswi kutiwa alama ndipo apewe haki yake. Kwa Shimoni naona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Mji mkubwa unahitaji alama kwa sababu watu hawajuani. Kijiji kinaweza kuelezwa kwa mdomo.

Hofu ya polisi haikuwa ya kufikirika. Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu, wasafiri kwenye kivuko cha Likoni walirushiwa vitoa machozi na kupigwa. Siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Aprili 16 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu ni halali ila nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilikuwa kinyume cha katiba. Fikiria sasa kijana wa miaka 14 mwenye usonji, mwili mkubwa, asiyeitikia akiitwa, asiyetazama usoni, anayekimbia anapopigiwa kelele. Kila kitu anachokifanya kwa sababu ya hali yake, askari mwenye haraka atakisoma kama ukaidi. Mzazi aliyemzuia ndani saa kumi na mbili unusu jioni, saa ambayo mtoto angehitaji kukimbia kuliko zote, hakuwa mwoga. Alifanya hesabu.

Jinsi macho yanavyoweza kupangwa

Kama ni macho yaliyopungua, basi kazi ni kuyapanga. Mkono mmoja haulei mwana, na mama mmoja hawezi kumkimbiza kijana wa miaka kumi kila siku, kulinda maji, kutafuta chakula na kupika futari.

Mzazi aanze kwa kuchagua njia moja kutoka nyumbani hadi uwanjani, na ya pili hadi ufuoni, asizibadilishe. Kisha awaendee watu wanne au watano walio kwenye njia hizo: mwenye duka, muuza mkaa, kijana wa stendi ya bodaboda, mzee wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, mama anayeuza mahamri alfajiri. Kila mmoja aambiwe mambo matatu tu: jina la mtoto, kwamba hataitikia kwa kuitwa, na la kufanya akionekana peke yake. La kufanya ni dogo: simama kati yake na maji au barabara, usimkamate kwa nguvu, usipige kelele, mtume mtu kwetu. Shati la rangi kali humfanya aonekane mbali. Namba ya simu ishonwe ndani ya nguo.

Afundishwe pia maji. Uchunguzi wa Pan Chien-Yu kule Taiwan, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba watoto wenye usonji waliofundishwa kuogelea kwa wiki kumi waliongeza ujuzi majini na hata mwenendo wao na wenzao ukatengemaa. Wavulana wa Shimoni hujifunza kuogelea kwa kuigana. Mtoto mwenye usonji huachwa nyuma kwa sababu hutengwa na maji kwa hofu. Kumnyima ujuzi huo hakumwondolei mvuto wa bahari. Afundishwe na mtu mmoja anayemwamini, kwenye kidimbwi cha kupwa chenye maji ya kiunoni, jambo la kwanza likiwa kulala chali na kuelea.

Na yupo mzazi ambaye, akiwa amechoka, humfunga mtoto kamba au humtia chumbani. Simhukumu mtu aliyeachwa peke yake na hatari ya namna hiyo. Lakini kamba humwongezea mtoto hofu na jeraha, na siku ikifunguka hukimbia mbali zaidi. Jirani anayejua habari hiyo ana wajibu wa kubisha hodi na kuomba kukaa na mtoto saa moja, mama alale.

Yanayopasa kuandikwa mapema

Yaliyosemwa hapo juu watu wanaweza kuyafanya wenyewe. Yapo ambayo ni ya serikali peke yake. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, katika kifungu cha 11 unaidai nchi iwalinde watu hawa wakati wa hatari na majanga. Hakuna haja ya kutunga haki mpya. Haja ni kuzigeuza hizi ziwe maneno ambayo askari wa doria anaweza kuyasoma.

Kwanza, kila amri ya kufunga iwe na sentensi inayomruhusu mtu mwenye ulemavu na mlezi wake kutoka kwa ajili ya mazoezi na tiba, pamoja na msamaha wa barakoa kwa asiyeweza kuivumilia. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iwe ushahidi wa kutosha, na kwa kuwa wengi vijijini hawana kadi, barua ya chifu au ya mhudumu wa afya ya jamii ikubaliwe. Pili, malango ya viwanja vya shule yafunguliwe kwa zamu kwa watoto hawa shule zinapofungwa: nusu saa kwa kila familia, mlinzi akishika daftari. Jambo hilo halina gharama. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wawe na orodha ya watoto wenye usonji na kifafa, wajue dawa zao, na wahakikishe dawa zinavuka mpaka wa kaunti hata watu wasipovuka. Nne, BMU na kamati za ulinzi wa jirani za Nyumba Kumi zipewe mafunzo ya nusu siku kuhusu kumtafuta mtoto aliyepotea: watafute majini kwanza, kisha barabarani, kisha kwingine.

Hatua hizi nne zingeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Zinaweza kuandikwa mwaka huu, katika mwezi usio na janga lolote, wakati maofisa wana muda wa kusikiliza na wazazi wana nguvu za kusema. Kusubiri marufuku inayofuata ni kuwaambia wazazi hawa tena kwamba afya ya umma haiwahusu wao. Wazazi wa Shimoni na wa vijiji vya jirani vya Wasini, Kibuyuni na Vanga waitwe kwanza kwenye kikao cha kuziandika, kwa sababu wao ndio wanaojua mtoto gani hukimbilia maji na mtoto gani hukimbilia barabara.